Enkoda Haioni Meza: Hotuba ya Mahafali ya Ufundi Mitambo

Mashine ya CNC iliyofungwa mfumo mpya ina umri wa aina mbili: chuma chake ni cha zamani, akili yake ni ya juzi. Mashine ya kwanza ya kuchonga chuma kwa namba nayo ilizaliwa hivyo. Katika maabara ya mitambo ya sevo ya chuo cha MIT, Marekani, wahandisi walichukua mashine ya Cincinnati Hydro-Tel iliyokuwa tayari imetengenezwa, wakaifungia mitambo ya kusoma amri kutoka kwenye utepe wa karatasi wenye matundu, na mwaka 1952 wakaionyesha hadharani. Leo kazi ya namna hiyo hufanyika katika karakana ndogo. Kabati la zamani hufunguliwa, kompyuta yenye programu kama LinuxCNC huwekwa, na mota mara nyingi hubaki zilezile.

Maradhi mengi ya mashine kama hiyo hukaa kwenye maungio, pale kitu cha zamani kinapokutana na kipya. Hakuna kitabu cha kiwandani kinachoyaeleza, kwa kuwa hakuna kiwanda kilichoiunda mashine ikiwa hivyo. Mhitimu anayetoka leo na cheti mkononi, kisha akakabidhiwa mashine inayotetemeka au kusimama katikati ya kazi, atahitaji utaratibu mzuri wa kuiuliza maswali.

Utaratibu huanza kwa kujua mwendo unavyozaliwa. Katika mhimili mmoja, kompyuta hutoa amri, kwa kawaida volti kati ya 10 hasi na 10 chanya. Draivu huigeuza amri hiyo kuwa umeme wa kuzungusha mota, huku takometa ikiiarifu mwendokasi. Mota huzungusha skrubu ya gololi kupitia mkanda au kapulingi, na skrubu husukuma meza. Enkoda huhesabu mzunguko na kurudisha hesabu kwa kompyuta, nayo hulinganisha pale inapotaka meza iwe na pale hesabu inaposema ipo. Tofauti kati ya hayo mawili ni pengo la ufuataji, na pengo likizidi kikomo kilichowekwa, kompyuta husimamisha kila kitu. Jambo la kukumbukwa ni kwamba enkoda iliyofungwa nyuma ya mota haioni meza. Inaijua mota tu, na kinachotokea baada ya hapo inakisia.

Usalama hutangulia kipimo. Kitufe cha dharura lazima kikate umeme wa draivu chenyewe, bila kuitegemea programu. Mhimili wa wima hutegemezwa kwa gogo kabla breki au mkanda haujaguswa, kwa sababu kichwa cha mashine kikishuka hakimngoji mtu. Majaribio ya kwanza hufanywa mkanda ukiwa umevuliwa, ili mota ikikimbia isikimbie na meza.

Kukimbia huko ndiyo dalili ya kwanza ya kufahamu. Mota ikiruka kwa kasi yote mara tu inapowashwa, waya za kurudisha taarifa huenda zimepishana. Njia ya kutenganisha ni kuondoa amri ya kompyuta na kuipa draivu volti sifuri. Ikikimbia bado, kosa liko kwenye takometa au draivu. Ikitulia, kosa liko kwenye enkoda: njia zake mbili zimebadilishana, alama ya kipimo kwenye kompyuta, chanya au hasi, imegeuka, au waya umekatika na kompyuta inazidi kusukuma kwa kuwa haipati jibu.

Dalili ya pili ni kusogea polepole bila amri. Tuseme draivu huzungusha mota mara 3,000 kwa dakika inapopewa volti 10, na skrubu husogeza meza milimita 5 kila mzunguko. Milivolti 10 zilizopotea njia ni sehemu moja ya elfu ya volti hizo, kwa hiyo mota itazunguka mara 3 kwa dakika, na meza itatambaa milimita 15 katika dakika hiyo. Dawa yake ni skrubu ndogo ya kusawazisha sifuri iliyomo kwenye draivu.

Dalili inayosumbua wengi ni mashine kusimama na kulalamika kuhusu pengo. Hapa pengo lenyewe huchorwa kwenye skrini, na umbo lake husomwa. Pengo linalokua sawasawa na kasi ni suala la urekebishaji. Kwa mfano, kwa nguvu ya marekebisho (kiasi ambacho kompyuta husukuma kwa kila kipimo cha pengo) ya 25 kwa sekunde, bila amri ya kutangulia (inayotumwa kwa kasi inayotakiwa kabla pengo halijatokea), meza inayokwenda milimita 50 kwa sekunde itabaki nyuma milimita 2 hata kama kila kifaa ni kizima. Pengo linalotokea mahali palepale kila safari linaelekeza kwenye skrubu iliyobana, uchafu kwenye reli, au kebo inayokatika inapokunjwa. Pengo la wakati wa kuongeza kasi pekee huonyesha kwamba mota inadaiwa nguvu isiyokuwa nayo. La kupanda tu, kwenye mhimili wa wima, hutuma fundi kwenye uzito wa kusawazisha. Na lile linaloongezeka baada ya saa nzima ya kazi huhusiana na joto au mafuta yasiyofika kwenye reli.

Dalili ngumu kuliko zote ni skrini kusema kweli yake na chuma kusema yake. Geji ya saa hutegwa kwenye meza, sifuri huwekwa, kisha meza hutumwa na kurudishwa mara 100. Kosa linalolingana na urefu wa safari ni kipimo kibaya kwenye kompyuta. Kosa lisilokua, linalobadilika tu kwa upande meza inakotokea, ni mlegeo, ambao mafundi huuita plei. Kosa linalojumlika safari hata safari lina chanzo cha aina mbili, na alama ya mzunguko ya enkoda, inayotokea mara moja kila mzunguko, huzitenganisha. Enkoda ya mistari 1,000 hutoa hesabu 4,000 kwa mzunguko mmoja. Kama kati ya alama moja na inayofuata hesabu haifiki au inazidi 4,000, hesabu zinapotea au kuongezeka kwa kelele za umeme au uchafu wa enkoda. Kama ni 4,000 daima na meza bado imehama, utelezi uko mbele ya enkoda: kapulingi iliyolegea, ufunguo wa puli uliolika, mkanda ulioruka meno.

Kelele za umeme hujulikana kwa jaribio jepesi: safari zilezile hurudiwa spindeli ikiwa imezimwa, kisha ikiwa imewashwa. Tofauti ikionekana, kebo za enkoda hutengwa na kebo za spindeli, wavu wa kinga hufungwa ethi upande wa kabati pekee, na enkoda yenye jozi za waya zinazopingana hupendelewa.

Urekebishaji wa namba huja baada ya chuma kupona. Mficha maradhi kifo humuumbua. Fundi anayefidia plei kwa namba za kompyuta hupata sifuri nzuri kwenye geji, kisha kisu kinapokata kwa kufuata mwelekeo wa meza, huivuta meza ndani ya plei ileile na kuharibu kazi. Beringi za skrubu hukazwa kwanza, kabari za reli hurekebishwa, mafuta hufika. Ndipo mzunguko wa kasi ndani ya draivu, ule unaotegemea takometa, hutulizwa, na nguvu ya marekebisho hupandishwa kidogokidogo hadi mota ianze kuvuma, kisha hupunguzwa. Amri ya kutangulia hufuata ili kuziba pengo la kasi, na marekebisho ya kujumlisha, yanayokusanya pengo dogo linalobaki, huwekwa mwisho, kwa kiasi kidogo, kwa kuwa yakizidi meza huvuka shabaha na kurudi.

Ushahidi wa mwisho ni duara linalochongwa kwenye kipande cha chuma. Vijongo kwenye pointi 4 ambapo mihimili hugeuza mwelekeo husema plei au msuguano umebaki. Duara lililovutwa kuwa yai kwa pembe ya nyuzi 45 husema mihimili miwili haifuati amri kwa kiwango kimoja.

Kila kipimo, pamoja na kila namba iliyobadilishwa, thamani ya zamani na sababu, huandikwa kwenye daftari linalokaa ndani ya kabati la mashine, pamoja na mchoro wa waya kama zilivyo kweli. Mashine isiyokuwa na kitabu cha kiwandani hupata kitabu chake hapo, na atakayeifungua baada ya miaka 10 ataanzia pale fundi huyu alipoishia.