Uzito, Pumzi na Mlima wa Changamwe

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa tawi na mwanachama mzaliwa wa Kiunga)



Mimi si daktari wala mwalimu. Ni mtu wa reli kama ninyi, na baiskeli ndiyo iniletayo kazini. Nataka kusema juu ya jambo tunaloliona kila asubuhi tukitoka kisiwani kupanda Changamwe: kwa nini huyu hupanda mpaka juu, na yule hushuka akasukuma.

Kwetu ni Kiunga, mwisho wa pwani ya Kenya, karibu na mpaka wa Somalia. Nchi ile ni tambarare. Penye ardhi ngumu, mnene na mwembamba huenda karibu sawa, maana mahali tambarare adui mkubwa wa mwenye baiskeli ni upepo. Lakini ukiingia mchangani na gurudumu likazama, hapo kila kilo hudai haki yake. Mchanga ndio mlima wetu. Basi nilipokuja Mombasa nilidhani naijua baiskeli, kumbe naijua nusu.

Sisi watu wa reli twajua mlima ni nini. Zile injini za mvuke za daraja la 59, zilizoanza kazi mwaka 1955 na kupewa majina ya milima, zilikuwa na uzito wa tani 252, nazo ziliweza kuvuta tani 1,200 kwenye mwinuko wa mita moja na nusu kwa kila mita mia. Aliyepanga gari aliuliza mambo mawili tu: nguvu ni ngapi, na mzigo ni kiasi gani? Mwili nao ni vivyo hivyo. Moyo na mapafu ndiyo tanuru, miguu ndiyo pistoni. Mafuta ya tumboni ni behewa lililofungwa nyuma: halivuti, linavutwa.

Sasa sikilizeni hesabu yangu. Nilipokuwa kwenye ganga la njia, nikibeba nyundo na mataruma, nilikuwa na kilo 70. Baiskeli yangu nyeusi ni kilo 20. Jumla 90, na kutoka Kibarani hadi juu nilitumia dakika 9. Kisha nikahamishiwa kazi ya kukaa. Chai yenye sukari nyingi, chipsi za zamu ya usiku, na baada ya miaka mitatu nikawa na kilo 90. Pamoja na baiskeli, 110. Kwa nguvu ile ile ya zamani, hesabu ingetaka dakika 11. Lakini mimi nilitumia 15, na nilishuka mara mbili. Zile dakika 4 zilizozidi si za uzito, ndugu zangu. Ni za moyo uliozoea kiti.

Ndiyo maana nasema uzito na pumzi ni mambo mawili, na kila moja lina dawa yake.

Yuko mtu aliyepimwa akatuonyesha. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985, na ujana wake alifanya mazoezi na David Kinjah huko Kikuyu, stesheni ya njia ya zamani ipandayo kwenda Limuru. Mwaka 2007 alipimwa akiwa na kilo 75 na nusu hivi, na nguvu aliyoweza kuidumisha ilikuwa wati 420. Mwaka 2015 alipimwa tena: wati 419, kilo 70. Injini ni ile ile, behewa limefunguliwa. Aliyashinda mashindano ya Ufaransa mara nne, kuanzia 2013 hadi 2017, na mashindano yale huamuliwa milimani. Lakini angalieni: alipunguza mafuta, hakupunguza nguvu.

Hapa nina jambo la kuungama. Mwenzetu mmoja, mtu mnene, alikuwa akishuka mlimani kila siku, nasi tulimcheka. Mimi nilikuwa mmoja wa waliocheka, siku nilipokuwa na kilo zangu 70. Kwa haya akaanza kula mara moja tu kwa siku. Asubuhi moja alianguka Kibarani, malori yakipita karibu na kichwa chake. Alipona, Mungu ashukuriwe. Lakini ndugu, kicheko chetu kilikaribia kumuua. Mwenye njaa hapunguzi mafuta peke yake, huila na misuli yake, na misuli ndiyo injini.

Kwa hivyo shauri langu ni hili. Usijinyime chakula, punguza sukari na vya kukaanga. Mara mbili tatu kwa juma, panda kwa bidii dakika mbili, pumzika, urudie. Chini ya mlima anza taratibu, usichome makaa yote kabla ya kupanda. Kushuka na kusukuma si aibu. Kifua kikibana au kichwa kikizunguka, simama, uende hospitali ukapimwe, pamoja na mbio za damu.

Mimi leo nina kilo 84. Hesabu ya zamani ingenipa dakika 10 na kitu. Natumia 11, wala sishuki. Katika mwaka mmoja nimepunguza kilo 6 tu, lakini dakika 4 nimezipata, nyingi katika hizo kwa pumzi. Na yule mwenzetu bado ni mzito, bado husukuma mahali pakali, ila hupanda nami kila asubuhi. Nikitangulia, humngoja juu. Nilimwomba radhi mbele ya watu, na leo naomba tena mbele yenu.

Ndugu, chama ni kama gari la moshi: halihesabiwi limefika mpaka behewa la mwisho lifike.