Ijaza ya Mkono: Vijana Wetu na Kazi ya Ukandaji

Mada iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi, Bondeni, Mombasa, alasiri ya Ramadhani

 



Mada niliyopewa leo ukiitaja barazani watu hutazamana kisha hucheka: kusomea masaji. Najua neno lenyewe lina harufu mbaya. Mji wetu huu ni wa watalii, na neno hilo limebandikwa kwenye milango ya nyumba ambazo hazina uhusiano wowote na tiba. Kwa hivyo binti aliyemaliza kidato cha nne akimwambia mamake, "Mama, nataka kusomea masaji," mama husikia jambo jengine kabisa, na usiku huo hapati usingizi. Simlaumu. Lakini hebu tubadilishe neno moja tu. Binti huyo huyo angesema, "Mama, nataka kuwa mkandaji kama bibi," mama angekasirika?

Kukanda si jambo geni kwetu. Ni wangapi humu ambao mama zao hawakukandwa walipowazaa? Mzazi hukandwa kwa maji moto, akafungwa mkaja, akatunzwa mpaka arubaini ikatimia. Mtoto mchanga hunyoshwa viungo kwa mafuta. Barobaro akitenguka mguu mpirani, kabla ya kufikiriwa hospitali ashapelekwa kwa mzee fulani mwenye chupa yake ya mafuta ya uto. Na kuumika kwa chuku kulikuweko mitaani kwetu kabla neno hijama halijaandikwa kwenye mabango. Mtume wetu (SAW) mwenyewe aliumikwa na Abu Tayba, akamlipa ujira wake, na akawaambia waliokuwa wakimmiliki wampunguzie kile walichomtoza. Kazi ya mkono juu ya mwili wa mgonjwa ina heshima na ina malipo ya halali. Naye Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, katika kitabu chake cha Al-Qanun ameweka mlango mzima wa kukanda: kukanda kwa nguvu, kukanda taratibu, kukanda kwa muda mrefu na kwa muda wa wastani, na kila kimoja kinaufanya nini mwili. Sasa twasomeshwa kwamba haya ni mambo ya Wazungu!

Basi swali langu si kama kazi hii inafaa. Swali ni: nani amekupa ruhusa ya kumgusa mgonjwa?

Sisi tuliopitia chuoni twajua jambo hili vizuri. Hakuna anayesomesha Qur'ani kwa sababu amenunua msahafu. Unakaa mbele ya mwalimu, unasoma, anakurudisha, unasoma tena, anakurudisha tena, mpaka siku atakayosema sasa nenda ukasomeshe. Hiyo ndiyo ijaza. Ulimi wa mtu twautakia ijaza, lakini mkono unaokwenda kubonyeza uti wa mgongo wa mzee wa miaka sabiini twauacha uende tu, kwa kuwa mwenyewe ametazama video tatu kwenye simu.

Na Mtume (SAW) ametuonya. Imepokewa katika Abu Dawud, Nasai na Ibn Majah kwamba mwenye kujitia utabibu na hali hajulikani kuwa na elimu hiyo, yeye ndiye mdhamini wa madhara atakayoyaleta. Maulamaa wakafafanua: tabibu mwenye kuijua kazi yake, aliyepewa idhini na mgonjwa na asivuke mipaka, likitokea la kutokea hadaiwi. Lakini asiyejua hudaiwa, hata kama nia yake ilikuwa safi kama maziwa. Nia njema haimwondolei deni.

Kuna kisa kimoja cha Baghdad ambacho kila kijana anayetaka kazi hii inafaa akijue. Mwaka 319 wa Hijria, yaani 931 Miladia, Khalifa Al-Muqtadir aliletewa habari kwamba tabibu mmoja amekosea na mgonjwa amekufa. Akaamuru asifanye mtu utabibu mpaka atahiniwe na Sinan, mwana wa Thabit bin Qurra, aliyekuwa mkubwa wa matabibu. Waliotahiniwa katika mji ule mmoja walipita 860. Miaka elfu moja na zaidi iliyopita, ndugu zangu, Waislamu walikuwa na mtihani na cheti cha utabibu. Leo kijana wetu akiulizwa cheti ananung'unika kwamba serikali yamuonea.

Katika waliokuja kutahiniwa, anasimulia Ibn al-Qifti, alikuweko mzee mmoja mwenye haiba na mavazi mazuri. Sinan akamheshimu, akidhani ni mwanachuoni mkubwa. Kumbe mzee hajui kusoma wala kuandika, na ana watu wa kulisha. (Yasemekana alimwekea Sinan dinari pia; hilo tuliache.) Sinan akamruhusu kwa sharti: asimtibu mgonjwa kwa asilolijua, wala asimtoe mtu damu wala kumpa dawa kali ya kuendesha isipokuwa kwa maradhi mepesi. Mzee akajibu kuwa hiyo ndiyo desturi yake maisha yake yote. Yeye hajapita sharubati. Siku ya pili akaja kijana. Umesoma kwa nani? Kwa babangu. Babako ni nani? Ni yule mzee wa jana. Sinan akamwambia ashike njia ya babake na asiivuke.

Kisa hiki hunichekesha, kisha hunitia mawazo. Kwani yule mzee ndiye bibi yetu mkandaji. Hajasoma vitabu, lakini ajua mpaka wake. Bibi wa kweli akishika mguu akaona haumpendezi, husema, "Huyu mpelekeni hospitali." Hatari iko kwa mjukuu, ambaye amerithi mafuta ya bibi bila kurithi hofu yake, akaongeza na bango.

Sasa niwaeleze kwa nini kusoma ni lazima, na nitumie mfano wa nyumbani. Mwanamke amezaa, yuko ndani ya arubaini. Mguu wake mmoja umevimba, shavu la mguu lauma, na ukiligusa lina moto. Wengi wetu tutasema, maskini, damu imesimama, mkandeni itembee. Subhanallah! Hapo ndipo pa kuondoa mkono. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na ukikanda waweza kuling'oa lile bonge likapanda mpaka mapafuni, na mtu akafa. Na madaktari wanatwambia kwamba hatari ya damu kuganda huwa kubwa zaidi katika wiki kama sita baada ya kuzaa. Wiki sita ni siku ngapi? Fanyeni hesabu wenyewe. Ni ile ile arubaini yetu, wakati ambao twamkanda zaidi kuliko wakati wowote wa maisha yake. Simaanishi mzazi asikandwe. Namaanisha anayemkanda ajue kutambua mguu huo, kabla hajamimina mafuta.

Na mzee aliyepigwa na kiharusi je? Bega la upande uliolegea halina misuli ya kulishikilia. Ukimvuta mkono huo ili kumnyanyua kitandani, waweza kulitoa bega mahali pake, na mitaani hapa wako wazee ambao maumivu ya bega yamewashinda kuliko kiharusi chenyewe. Mwenye kisukari ambaye miguu imekufa ganzi, maji moto humuunguza na yeye mwenyewe atabasamu akuombee dua. Mja mzito tumbo lake halisukumwi kumgeuza mtoto. Hiyo ni kazi ya hospitali, mwisho wa maneno. Na anayeumwa na mgongo, kisha miguu ikafa ganzi na akashindwa kuzuia haja ndogo, huyo apelekwe saa hiyo hiyo, si kesho baada ya swala.

Haya ndiyo yanayosomeshwa katika mafunzo ya kweli. Kukanda kwenyewe ni sehemu ndogo. Ile iitwayo masaji ya Kiswidi ina mitindo mitano yenye majina ya Kifaransa, lakini ukiitazama ni kupapasa, kukanda, kusugua, kupigapiga na kutetemesha, na bibi yako aijua yote. Kinachochukua muda ni mifupa 206 na misuli iliyoifunika, mishipa ya damu inapopita, maradhi gani hayaguswi, huduma ya kwanza, usafi, kuweka rekodi ya mgonjwa na kutunza siri yake. Kule Japani, anayetaka leseni ya masaji husoma miaka isiyopungua mitatu kisha hufanya mtihani wa taifa. Sisi twauziwa cheti cha "kimataifa" kwa siku mbili, chakula cha mchana ndani!

Kwa hivyo kabla ya mzazi kutoa pesa zake, aulize. Chuo chenyewe kimesajiliwa na TVETA, mamlaka ya vyuo vya ufundi iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2013? Mtihani wake ni wa nani? NITA hutahini mafundi kwa daraja, la tatu, la pili na la kwanza, na humo imo fani ya urembo na utunzaji wa mwili. Na waliojifunza kazi mikononi mwa fundi pia huweza kutahiniwa. Anayetaka kwenda mbali zaidi asome fiziotherapia. KMTC husomesha diploma yake kwa miaka mitatu, ingawa si kila tawi lina kozi hiyo, basi ulizeni kwanza. Na tuwe wakweli: aliyesomea masaji si mfiziotherapia. Tangu sheria ya mwaka 2014 kazi hiyo ina baraza lake na daftari lake, na kujiita jina hilo bila kusajiliwa ni kosa.

Ama tiba za asili na mbadala kwa jumla, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 imezitambua na imetaka kiwekwe chombo cha kuzisimamia. Wenzetu wa Tanzania walitutangulia; wao walitunga sheria yao mwaka 2002 na wakaunda baraza la kusajili waganga wa aina hii. Anayeumika watu, hata kabla ya kusubiri chombo chochote, ajue haya: wembe ni wa mtu mmoja mara moja, glavu hubadilishwa, na damu haimwagwi kwenye jaa la mtaa. Ukimwi na homa ya ini havijali kwamba unafuata sunna.

Kuna jambo la hotelini, na sitalizunguka. Kazi nyingi za fani hii pwani ziko kwenye mahoteli, na mteja hachagui nani amkande. Binti wa Kiislamu kumkanda mwanamume asiyekuwa maharimu wake kwa starehe, hilo sioni mlango wake, na barobaro vivyo hivyo kwa wanawake. Dharura ya tiba ina hukumu yake kwa maulamaa, lakini starehe si dharura. Lakini tazameni upande wa pili. Wanawake wa mji huu, na ni wengi, wangependa kukandwa na mwanamke mwenzao aliyesoma, ndani ya chumba kilichofungwa, bila wasiwasi. Mzazi mpya, mama mwenye magoti mabovu, bibi aliyelala kitandani mwaka wa pili. Nyumba hizo hazina mtu wa kuwafikia. Binti aliyesoma na mwenye stara yake hatakosa riziki, Mungu akipenda, na wala hatahitaji kuvuka feri kuitafuta.

Na kwa kuwa tuko ndani ya mwezi mtukufu, swali ambalo najua litakuja: kukandwa mchana kwafunguza? Katika madhehebu yetu ya Shafi, mafuta yapakwayo kwenye ngozi hayafunguzi. Kuumika pia hakufunguzi kwa Shafi, ila yapendeza kuakhirisha mpaka usiku kwa sababu humdhoofisha mfungaji. Mahambali wasema kwafunguza. Mwenye shaka amuulize sheikh wake, si mimi.

Wazee wetu, mwalikumbuka jengo lile la Tudor. Leo ni chuo kikuu cha ufundi, lakini lilianza kama MIOME, taasisi ya elimu ya Waislamu iliyofunguliwa mwaka 1951 kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na Mabohora, ili vijana wa Kiislamu wa pwani wapate ufundi na cheti chake. Hawakuona haya ya kazi za mikono.

Tumekubaliana na kina mama wa kamati kwamba baada ya Idi tutawaomba wakandaji wa mtaa huu, wale bibi zetu, wakae na mabinti waliokwisha kusajiliwa kwenye kozi. Bibi aonyeshe anavyokanda, binti aandike, na muuguzi awepo kusema pale pa kusita. Wavulana watakuwa na kikao chao na mzee wa kuumika. Majina yaandikishwe leo kabla ya futari: mabinti kwa kina mama, wavulana kwangu. Anayeandikisha mwanawe alete na nakala ya karatasi za chuo anachotaka kumpeleka, tuzitazame pamoja.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.