Kiingereza kwa Mgeni Mtu Mzima



Nimeombwa niseme machache juu ya Kiingereza. Sitasema juu ya kile cha mitihani, ambacho sote tulikipitia hapa. Nitasema juu ya ndugu zetu wanaokianza ukubwani, tena ugenini.

Kuanzia mwaka 2007 Marekani iliwapokea maelfu ya Warundi waliokimbia kwao mwaka 1972 na ambao walikuwa wakiishi katika kambi za Tanzania. Wakafuata Wakongo wengi, wakiwemo wa kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Wengi wanakijua Kiswahili, lakini wako ambao shule hawakuipata. Ukimpa mtu kama huyo kitabu cha watoto chenye picha ya paka na mpira, unamvunjia heshima wala humsaidii. Yeye kesho ana miadi na daktari.

Vinavyomfaa ni vitu vipitavyo mikononi mwake: karatasi ya chupa ya dawa, ratiba ya basi, fomu ya kupanga nyumba, hati ya mshahara. Jambo hili si geni kwetu. Vitabu vya kisomo chenye manufaa vya miaka ya 1970 vilimfundisha mkulima kusoma kwa habari za pamba, migomba na ng'ombe wake mwenyewe.

Lakini kitabu kilichotungwa kwa wageni wote hakijui Mswahili hujikwaa wapi. Nitataja mahali patatu.

Kwanza, saa. Akiambiwa aje "ten", yeye huhesabu saa kumi ya alasiri, kumbe alingojewa saa nne asubuhi. Amechelewa saa sita.

Pili, sisi tuna "yeye" mmoja tu. Akieleza ugonjwa wa mkewe kwa kusema "he", daktari hudhani anamsema mwanamume.

Tatu, na hili ndilo zito, ni kukubali na kukataa. Ukimwuliza Mswahili, "Huna maumivu?" naye anayo, hujibu, "La, ninayo." Akisema "no" peke yake kwa Kiingereza, daktari huandika kwamba hana maumivu. Asiyefundishwa haya humtegemea mwanawe wa miaka kumi awe mkalimani, akalazimika kumtajia mtoto siri za mwili wake.

Ndugu zangu, shule hii ilitupa lugha mbili. Naomba chama chetu kiteue kamati ndogo itunge kijitabu cha kurasa 20, Kiswahili upande huu na Kiingereza upande wa pili, kikianza na hospitali. Nanyi wanafunzi, kila mwalimu wa Kiingereza anapowasahihisha, andikeni kosa hilo pamoja na chanzo chake katika Kiswahili. Daftari hilo litakuwa msaada mkubwa kwa kamati.