Cheche Hutangulia Moto



Hapa Gudele, Desemba hadi Machi nyasi hukauka na upepo wa kaskazini huvuma. Majani yakichomwa, hewa ya moto huinua cheche, upepo ukazichukua. Nchini Australia, Februari 2009, magome ya mikaratusi yaliyokuwa yakiwaka yalipeperushwa takriban kilomita 30, yakaanzisha mioto mipya. Kwetu hatua chache zatosha: cheche hujificha katika paa la nyasi la tukuli, ikafuka kimya, kisha ikawaka watu wamelala.

Twawasihi basi: msichome majani wakati wa upepo, fyekeni kuzunguka nyumba, na moto wa jirani ukizimwa, msilale kabla ya kukagua mapaa yote yaliyo upande uendako upepo.