Tuanze na Anayeuza

 

Tukitaja pombe, macho yetu yote yanamwendea mlevi. Tunamwombea, tunamkemea, wengine wanamcheka. Lakini fungueni Habakuki 2:15. Pale nabii anamgeukia yule anayemnywesha jirani yake. Na sisi leo tuanze hapo, kwa anayeuza.

Serikali zetu nazo zimeanza hapo. Sheria ya Kenya ya mwaka 2010 ilikataza pombe kali kwenye vipakiti, ikataka baa ikae angalau mita 300 kutoka shuleni. Tanzania ilipiga marufuku viroba tarehe 1 Machi 2017. Uganda ikafuata mwaka 2019. Kwa nini kiroba? Kwa sababu bei yake ilikuwa ya chenji. Mwanafunzi anakificha kwenye soksi. Wa bodaboda anakipasua kwa meno, anapakia abiria, wanaondoka.

Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2019 pombe iliua watu milioni 2.6. Na linazishauri serikali zipandishe kodi ya pombe, zibane matangazo, zipunguze saa na mahali pa kuuzia. Angalieni, yote matatu yanamgusa muuzaji.

Sasa shida ni hii: sheria ikifika mpakani inasimama, lakini mzigo unapita njia za panya. Sisi ushirika wetu uko pande zote mbili za mpaka. Kwa hiyo nasema na ninyi mliookoka wenye maduka, wenye fremu za kupangisha, wenye malori. Usiuze kilichokatazwa, usikibebe, usimpangishe anayewauzia watoto. Sadaka ya pesa hiyo inanuka.

Na yule mama anayepika gongo, au chang'aa, ili alipe ada ya watoto? Usimkimbilie kwa mgambo kwanza. Akina mama, mwingizeni kwenye kikundi chenu, mpeni mtaji wa mboga au mitumba. Akiacha jiko lile bila kitu mkononi, kesho atalirudia.

Mwisho, wachungaji nisikilizeni vizuri. Mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka mingi, akiokoka leo na kuacha ghafla, anaweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwepo, hata kuanguka kama mwenye kifafa. Msikimbilie kusema ni pepo mkamfungia chumbani afunge na kuomba. Mwili wake ulishaizoea pombe, na hali ile inaweza kumuua. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Ombeni mkiwa njiani, ombeni kando ya kitanda. Mungu aliyempa daktari akili ndiye yule yule tunayemwita madhabahuni.

Akitoka hospitali, msimwache peke yake jioni. Jioni ndiyo saa ya vita. Mwalikeni chai.

Mungu awabariki. Amina.