Kusoma Taarifa ya Hewa ya Kiwanja cha Ndege

Leo tutasoma maandishi ambayo rubani huyasoma kabla ya kuruka na kabla ya kutua. Andikeni daftarini mstari huu wa mfano:

HTDA 150600Z 04010KT 9999 FEW020 29/24 Q1012

Msiogope. Mstari huu una mafungu saba. Tutayafungua moja moja.

HTDA ni kiwanja cha Dar es Salaam. Viwanja vya Tanzania huanza na HT. Vya Kenya huanza na HK.

150600Z: 15 ni tarehe. 0600Z ni saa 6 kwa saa ya dunia nzima. Ili kupata saa yetu ya mchana, toa 3. Sita toa tatu ni tatu. Basi ni saa 3 asubuhi.

04010KT ni upepo. 040 ni upande unakotoka, yaani kaskazini-mashariki. Mabaharia wetu huuita kaskazi. 10 ni mwendo wake: maili 10 za baharini kwa saa.

9999 maana yake macho yanaona mbali kilomita 10 au zaidi. Ingekuwa 0800, yangeona mita 800 tu.

FEW020 ni mawingu machache, futi 2,000 juu ya kiwanja.

29/24: hewa ina joto la nyuzi 29. Ikipoa hadi 24, umande huanza. Namba hizi zikikaribiana sana, ukungu waweza kutanda.

Q1012 ni kanieneo ya hewa. Kwa namba hii rubani hutega kipimo kinachomwonyesha yuko juu kiasi gani. Akisoma 1022 badala ya 1012, kipimo kitamwambia yuko juu karibu futi 300 kuliko alipo kweli. Tarakimu moja tu! Lakini penye mawingu na milima, hiyo moja yaweza kuua abiria wote. Ndiyo sababu rubani huirudia namba kwa sauti, na mwongozaji aliye chini husikiliza kama ni sawa.

Sasa zoezi. HTMW ni Mwanza. Someni:

HTMW 150900Z 18012KT 3000

Ni saa ngapi? Upepo watoka wapi? Macho yanaona mbali kiasi gani? Andikeni kwanza, ndipo mtazame majibu.

Majibu: saa 6 mchana, kusini, mita 3,000.

Aliyekosa asione haya. Arudie polepole, tarakimu kwa tarakimu. Kwaherini.