Chumba Janja na Elimu kwa Mgonjwa Aliyelazwa



Mwaka 2003 mtafiti Roy Kessels alipitia tafiti kuhusu kumbukumbu za wagonjwa, akaonyesha kwamba kati ya asilimia 40 na 80 ya maelezo wanayopewa na wahudumu wa afya husahaulika papo hapo, na karibu nusu ya wanachokumbuka hukikumbuka kimakosa. Nimeandaa mada hii kwa sababu ya takwimu hiyo. Katika wodi nyingi, mgonjwa hufundishwa siku ya kuruhusiwa: ameshavaa nguo za nyumbani, ndugu zake wanahangaikia bili na usafiri, nasi tunammiminia maelezo ya dawa zote kwa mara moja.

Huko Pittsburgh, Marekani, hospitali za UPMC zilibuni chumba janja. Kila mhudumu huvaa kitambulisho kinachotoa mawimbi ya sauti yasiyosikika na sikio la binadamu. Mawimbi hayo hayapenyi ukuta, hivyo mtambo hutambua kwa uhakika nani ameingia chumba kipi. Mara moja skrini humwonyesha mgonjwa jina na kazi ya aliyeingia, na mhudumu naye huletewa yale anayohitaji kutoka kwenye faili la kielektroniki, kama vile mzio na dawa. Mgonjwa akishajua anaongea na nani, anajua pia la kumuuliza. Hilo peke yake ni mwanzo mzuri wa elimu.

Mafunzo yenyewe hupitia runinga iliyo mbele ya kitanda. Chukua mgonjwa ambaye moyo wake umeshindwa kusukuma damu vizuri. Tangu siku za mwanzo za kulazwa, anapangiwa video fupi: kupunguza chumvi, kumeza dawa ya kupunguza maji mwilini, kujipima uzito kila asubuhi na kutoa taarifa mapema ukipanda ghafla. Anaitazama usiku akikosa usingizi, anairudia kesho yake mkewe anapokuja kumwona. Kisha anajibu maswali kwa rimoti, na majibu yanaweza kumfikia muuguzi. Muuguzi akiona swali la uzito limekosewa, anaanzia hapo. Kwa maoni yangu, thamani ya mtambo mzima iko hapo: dakika chache za muuguzi zinakwenda panapohitajika.

Huko Marekani kuna msukumo mwingine pia: tangu Oktoba 2012 Medicare, bima ya serikali hasa kwa wazee, imekuwa ikizipunguzia malipo hospitali ambazo wagonjwa wake wa maradhi fulani, huo wa moyo ukiwamo, hurudi kulazwa kupita kiasi ndani ya siku 30. Kwa hiyo elimu ya mgonjwa huko ni suala la fedha pia.

Hata hivyo, kubonyeza jibu sahihi si kuelewa. Mgonjwa mwenye maumivu, asiyeona vizuri au asiyejua kusoma anaweza kubonyeza chochote ili skrini imwache apumzike. Ni lazima muuguzi aketi amuulize: "Mama, ukifika nyumbani utamwelezaje binti yako namna ya kumeza dawa hizi?" Akikosea, tumeeleza vibaya, turudie.

Tena chumba janja kinamfaa zaidi mgonjwa aliye peke yake chumbani. Katika wodi zetu za vitanda vingi, runinga inayotaja ugonjwa wa mtu ingemwaibisha mbele ya wageni wa jirani yake. Kishikwambi chenye spika za masikioni kingefaa zaidi, kikiwa na video za Kiswahili zinazozungumzia ugali, dagaa na chumvi ya mezani, wala si vyakula ambavyo mgonjwa hajawahi kuviona.

Nawaomba wakuu wa hospitali mlio hapa: kabla ya kusaini mkataba wa kununua mitambo hii, wakalisheni wauguzi wa wodini waseme wagonjwa wao hukosea wapi, na tengeni muda wa elimu kwenye ratiba ya zamu tangu siku ya kwanza ya kulazwa. Hilo linaweza kuanza Jumatatu ijayo, bila skrini hata moja.